Wapelelezi wa Kwa Kinyozi

Ndiyo, dada yangu, bado wanaizungumza. Miaka yote hii tangu mdogo wetu aibwe sokoni, na kila anayenyolewa kwa jirani yangu kinyozi anageuka mpelelezi. Kinyozi anasema alichukuliwa na mpiga picha. Fundi viatu anaapa ni tajiri mmoja asiye na mtoto. Mimi nauza mitumba yangu pale mlangoni, nacheka nao, maana biashara ni mdomo.

Juzi mmoja akaropoka, "Dada mtu ndiye aliyemuuza!" Hakujua mama yuko nyuma yake, ameniletea chakula. Kicheko kilinikauka. Mama akamwambia taratibu, "Mwanangu, yule dada alikuwa na miaka minane. Mimi ndiye niliyembebesha mtoto mtoto mwenzake. Ukitaka mtu wa kumsema, niseme mimi."

Kinyozi akazima mashine.

Laiti ungeyasikia maneno hayo kabla hujakimbilia huko mbali. Basi tufanye biashara: wewe njoo uyasikie kwa mama mwenyewe, na mimi naiondoa meza yangu pale kwa kinyozi, hata wateja wakinikimbia. Bei ndiyo hiyo, sipunguzi.

Mdogo wako aliyebaki