Salamu Ambazo Bi Hilda Hakuzituma

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Marahaba nimejiitikia mwenyewe, kwa kuwa yako itachukua mwezi kuvuka bahari, na mimi siwezi kukaa mwezi mzima bila ya kuitikiwa. U mzima? Miguu haijaanza kuvimba tena? Dada Zuwena, wewe unayemsomea, soma polepole na usiruke hata mstari mmoja.

Mimi ni mzima, isipokuwa baridi ya huku haina adabu, inaingia ndani bila ya hodi. Masomo ya ualimu yanakwenda vizuri. Mji wenyewe uko katikati ya uwanda wa nyasi na ngano, hauna mlima wala bahari, na ukisimama juu ya kiti unauona wote. Wenyeji wanajivunia ukale wake. Walinipeleka kunionesha jengo la kale kuliko yote, wakavua kofia mbele yake. Nikapiga hesabu nikaona marehemu Bibi alilizidi umri. Nikavua kofia na mimi.

Siku niliyofika nilihangaika kutafuta chumba. Kila mlango niliobisha niliambiwa vyumba vimejaa, katika mji ambao nusu ya vijana wake wameshahama. Iliniuma, Mama, siwezi kukuficha. Aliyenifungulia ni mjane mmoja tu, Bi Hilda, mrefu, mkavu, hacheki mpaka aletewe sababu kwa maandishi. Asubuhi ya kwanza aliniwekea nyama ya nguruwe. Nilipomweleza, akafikiri sana, akauliza, "Hata ikikatwa nyembamba?" Tangu siku hiyo hajaniwekea tena.

Sasa nisikilize vizuri. Mji huu ulianzishwa na wanaume wawili waliokuja na gari moja la ng'ombe. Hapakuwa na miti, wakakata udongo pamoja na majani yake wakajengea nyumba, kisha wakachimba kisima. Mmoja yuko chini anachimba, mwenzake yuko juu kashika kamba, maji yakatoka. Basi aliyepata maji ni nani? Wa chini alikuwa babu yake Bi Hilda. Wa juu alikuwa babu yake Bi Agnesi, anayekaa ng'ambo ya reli. Miaka kumi na moja iliyopita wakubwa wa mji walitaka kuweka kibao pale kisimani, na mabibi hawa, waliokuwa wakishona pamoja tangu utotoni, wakagombana juu ya jina lipi litangulie. Hawajasemezana mpaka leo. Kibao kipo, hakina neno hata moja, na kisima chenyewe kilikauka zamani.

Usicheke, Mama. Dada ameniandikia kuwa wewe na Mama Mdogo hamsemezani tangu harusi ya Salma, kwa sababu kanga za sare zilikufikia za mwisho na rangi si ile, na kwamba ukienda sokoni unazunguka mtaa mzima ili usipite barazani kwake. Mtu na mdogo wake, tumbo moja! Niliisoma barua ile darasani, mwalimu akadhani nimefiwa.

Wiki yangu ya pili Bi Agnesi aliniletea biskuti ndani ya sahani, akaiacha ngazini, kwa kuwa hakanyagi kizingiti cha Bi Hilda. Wewe ulinifunza kuwa sahani ya watu hairudi tupu. Nikanunua mafuta ya mahindi, nikapika kaimati, nikazitia shira, nikavuka reli. Alipokuja akichechemea kufungua mlango, ulimi ukasema wenyewe, kama tulivyozoea tangu wadogo kila tukitumwa kwa jirani: "Bi Hilda anakusalimu sana."

Bi Hilda wakati huo yuko kanisani, hana habari hata kuwa jiko lake limewashwa.

Bi Agnesi akashika mlango. "Kasema hivyo yeye mwenyewe?"

Ningefanyaje? Salamu ikishatoka hairudi mdomoni. "Naam," nikasema, "tena anauliza goti lako."

"Mwambie halijambo," akasema, akageuka kufuta macho kwa aproni. Kesho yake akanipa chupa ya jamu nimpelekee.

Nikaifikisha jamu pamoja na habari ya goti. Bi Hilda akaweka kisu chini. "Nani kamuuliza habari ya goti lake?"

Nikamsogezea kijiko. Akafungua chupa, akalamba kijiko kimoja, akalamba cha pili, kasimama dirishani. Baadaye akaniuliza kama hataki, "Hakusema kitu chengine?"

Nikasema kasifu mapazia.

Basi mwezi mzima nilikuwa navuka reli kwenda na kurudi, keki huku, achari kule, na salamu ambazo hakuna aliyezituma. Ni uongo, najua, na nimetubu kwa kila uongo peke yake. Lakini Bi Hilda aliyafua yale mapazia.

Jumapili iliyopita mambo yakaharibika. Bi Agnesi aliniambia, "Leo saa kumi nnakuja mwenyewe kumshukuru." Nikarudi mbio, nikamkuta Bi Hilda anamenya viazi, nikamweleza yote kuanzia kaimati. Aliendelea kumenya mpaka kiazi kikabaki kama gololi. Kisha, bila ya kunitazama, akasema, "Kapange vitu vyako."

Nilipanda ngazi. Nje theluji inaanguka, na milango mingine ya mji huu naijua. Nilikuwa nakunja shati la tatu niliposikia hodi. Nikachungulia kutoka juu. Bi Hilda akavua aproni, akajishika nywele, akaenda kufungua mwenyewe. Wakatazamana. Mmoja wao akaanza kusema.

Nani alianza, alisema nini, na mimi nililala kitandani au stesheni, hayo yote nimemwandikia Mama Mdogo kwa posta ya leo hii. Barua yake inaanzia hapa, mwanzo hana. Dada Zuwena, usijisumbue kuikimbilia: nimemwomba asimpe mjumbe yeyote, ila Mama afike kwa miguu yake, tena kwa njia ya mkato. Nawapenda nyote wawili, Mama, na sikuja huku mbali ili nirudi nikute mama zangu wamekuwa wageni.

Nisalimie Baba Mkubwa na kikohozi chake, Shangazi aliyenifumia fulana ya sufu, na yule fundi cherehani wa Kihindi hapo chini. Mwambie suti aliyonishonea inastahimili baridi kuliko mimi mwenyewe. Mama Mdogo usihangaike naye. Nimeshamwambia kuwa unamsalimu sana, na kwamba unamuuliza mgongo wake.

Mwanao anayengojea radhi zako, na makofi yako pia,

Abdalla