Bibi Aliyelazwa Nje ya Hema Lake

Al Ansab,
Muscat, Oman.
Ijumaa, 14 Mei 2004

Mpendwa dada yangu Bakhita,

Assalaam alaykum. Vipi hali yako, na goti je, lingali likikusumbua ukipanda ngazi? Usiache kulikanda mafuta ya habasoda. Sisi huku wazima, alhamdulillah, ila joto limeshaanza na sukari yangu inapanda na kushuka. Yaqoob anakusalimu, yuko hapa anasinzia. Hati yangu mbaya unaijua, nivumilie.

Dada, nnakwandikia na roho imenichafuka tangu Jumatano. Balqees, huyu mwanangu mwalimu wa jografia, anataka kwenda Kirgizia na walimu wenziwe wawili. Ni nchi ya milima mitupu, na watu wake tangu zamani huhama na farasi na kondoo wao, wakilala kwenye mahema ya sufu. Anasema wanataka kwenda kwa adabu, wasiharibu majani wala maji, na faida waipate wenyeji. Yaqoob, babake, kasema ruhusa kwa mama. Mie pasi yake ya kusafiria nikaifungia sandukuni mwangu. Nnaogopa, dada. Baridi, majabali, na eti huko hunywa maziwa ya farasi! Nilipoambiwa nilikwenda kusukutua, na wala sijayaonja.

Jumatano nikafuatana naye mpaka ofisi moja ya safari, Al Khuwair, nikaone kwa macho yangu. Bwana mmoja kavaa tai shingoni, ananukia mpaka unapiga chafya, akatufunulia albamu. Picha moja, wageni wamejilaza ndani ya hema wanacheka, viatu vya matope juu ya godoro. Nje mlangoni, bibi kizee kajifunika blanketi, na theluji hiyo hapo pembeni.

Nikamuuliza, "Hema hili la nani?"

"La huyo bibi, mama."

"Na yeye analala wapi?"

"Hapo hapo nje. Hawa watu wa kuhamahama, wamezoea."

"Na hao wageni, choo chao kiko wapi?"

Akacheka. "Mto si huo, mama? Unachukua kila kitu."

Balqees akaniminya mkono. Nikamwambia yule bwana, "Mamako ungemlaza nje, ukapandisha watu na viatu kitandani kwake?" Akafunga albamu. Kahawa yake niliiacha pale pale, tukatoka.

Garini nikakumbuka yangu mwenyewe. Dada, hili sijapata kukwambia. Mwaka ule wa sabini na nane tulipohamia huku Oman, Yaqoob alinipeleka kwao mlimani, Balqees ana miezi mitatu. Mie mtoto wa mjini, mifereji yao ya falaji naijulia wapi? Nikaona mfereji, maji safi yanapita, nikakaa juu kabisa nikafua nepi, na mavi yake. Kumbe pale ndipo wanapoteka ya kunywa, kufua ni huko chini mwisho. Wanawake waliokuwa wakiteka hatua chache chini yangu wakaja na mitungi yao imejaa, wakaziona nepi. Hakuna aliyenigombeza. Wakaimwaga mitungi, mmoja mmoja, kisha wakanishika mkono wakanipeleka kunywa kahawa. Walahi mpaka leo nikikumbuka najinusa mikono.

Jana nikamhadithia Balqees. Akacheka mpaka machozi, akayafuta. Ndipo akaniambia kuna wanawake huko huko milimani wanaopokea wageni wenyewe, kwa zamu. Akawaandikia kwa kompyuta, mie nikimtajia ya kuuliza. Leo asubuhi wamejibu: wageni wana hema lao, mwenye nyumba halali nje; choo kimechimbwa mbali na mto; taka zenu mtarudi nazo. Na wao wakatuuliza, nyama ya farasi mnakula? Astaghfirullah, nusura nizirai! Lakini wameuliza, dada. Yule wa tai hakumuuliza bibi wa watu chochote.

Pasi nimempa. Nimemwapisha, akifika, kabla hajanawa hata uso, aulize maji ya kunywa yanatekwa wapi.

Mwanao Sabah akija mwezi ujao mpe doti moja ya kanga, ya huyo mama atakayempokea Balqees. Chagua jina la heri, usiniletee ya mipasho, hata kama hatolisoma.

Nisalimie shemeji Amur, na Muhsina na wanawe, mmoja mmoja kwa jina lake. Mola akuponyeshe goti, na akulaze salama kitandani kwako mwenyewe, wewe na kila mwenye nyumba.

Mdogo wako akupendaye,
Hamdiya