Kimeo cha Kabula

Jumatatu, 3 Machi
Nimeamka, nimesali, nimepika uji. Mjukuu wangu Kabula kaenda chekechea mbio. Ana miaka minne, sauti inakwaruza kama ya mzee. Shule anaiita "sule", rafiki "lafiki". Kisukuma anakimwaga chote, Kiswahili kinakwama. Mimi hainisumbui. Baba yake inamsumbua.

Jumatano, 5 Machi
Mwanangu Masanja kapiga simu kutoka machimboni, Bugarama. Wenzake wamemcheka mtoto alipoongea nao kwenye simu. Amepata fundi wa kukata kimeo, kile kinyama cha kooni. Eti ndicho kinamzuia kusema. Anamleta Jumamosi. Nikamwambia, "Wewe mwenyewe mpaka leo baruti unaiita baluti!" Hakucheka. Naogopa. Mtoto wa jirani alikatwa, akatoka damu hadi akalazwa.

Alhamisi, 6 Machi
Kliniki. Nesi kammulika koo. Kimeo hakina kosa. Sauti imekauka kwa kupiga kelele, isipopona nimrudishe. Matamshi je? Mtoto wa lugha mbili ana kazi mara mbili, nimpe muda. Nimempigia Masanja. Anasema nesi hajui mambo yetu. Nimefunga, naomba.

Jumamosi, 8 Machi
Mungu ni mkuu.

Masanja kaja na fundi, mtu wa mbali, Kisukuma hajui. Mama yangu mzazi, ninayeishi naye, hajui Kiswahili. Fundi akaeleza: mtoto ashikwe, mdomo upanuliwe, anakata mara moja, damu kidogo tu. Mama akauliza kwa Kisukuma, anasemaje huyu? Hakuna mtu mzima aliyetaka kumtafsiria. Kabula, mapajani pake, akamgeuzia yote kwa Kisukuma. Kushikwa. Kisu. Damu. Hakuacha kitu. Mama akafoka. Kabula akamgeukia fundi, kwa Kiswahili: "Bibi anasema umkate baba kwanza."

Sikucheka. Nani kamfundisha? Si mimi. Lugha mbili kwenye kinywa kidogo vile, na kila moja inajua mlango wake. Ee Bwana, unafanya kazi yako sisi tunapika uji tu.

Masanja akamwambia fundi arudishe kisu mfukoni. Kisha akamsindikiza fundi barabarani.

Jumapili, 9 Machi
Masanja kaondoka kabla ya ibada. Alimbeba Kabula hadi kwenye pikipiki, wakiongea Kisukuma, polepole. Tangu aende machimboni sijamsikia akikiongea.

Nimemwambia Kabula asipaze sauti kanisani, koo lipumzike. Kaimba kwa kunong'ona. Nimeinama, nimemsikia.