Mtoto Amelala Tu

Chemchem, Tabora
20 Januari 2025

Mpendwa shangazi Lamya,

Shikamoo. Hali yako huko Maskati, na magoti yamepungua kuuma? Sisi tu wazima, alhamdulillahi. Mvua zimetulia kidogo, na asubuhi mji mzima unanukia udongo.

Uliniuliza kazi yangu mpya ni ipi. Naifundisha mashine maana ya maneno yetu. Akina mama wa vijijini hutuma ujumbe wa sauti kuuliza mambo ya afya. Mashine huandika ilichoelewa, nami husikiliza na kusahihisha. Navaa hedifoni, nafumba macho, sauti zinanipitia moja moja, za mbali, kama watu wa misafara ya zamani wanaingia mjini na mizigo yao.

Mwezi uliopita ilifika sauti ya Kulwa, mama mmoja wa kijiji cha Ziba: "Maua wangu amelala tu tangu jana." Mashine ikaandika: mtoto anapumzika, hakuna tatizo. Nilisikiliza mara tatu. Ile "tu" yake ilikuwa nzito mno. Nikamwita Levina, muuguzi wetu, naye akampigia.

"Ukimwita anaitika?"

"Haitiki, dada. Namwita tangu alfajiri."

Levina akamwambia asisubiri. Jirani akawapakia kwenye pikipiki mpaka hospitali. Ilikuwa malaria kali. Siku nne, kila nikifumba macho namwona mtoto nisiyemjua. Siku ya tano Kulwa akapiga: Maua amekaa, ameomba uji.

Tangu hapo naiandikia mashine mifano ya neno hilo moja. Amelala mgeni, amelala mlevi, amelala mgonjwa. Sasa ikisikia "amelala tu" haiamui yenyewe. Inauliza kwanza, kisha inamwita Levina.

Mfano wa mwisho, amelala marehemu, ulinitoa machozi. Baba alipofariki, kila aliyekuja alisema amelala, nami, mtoto wa miaka sita, nikakaa mlangoni pa chumba chake kumsubiri aamke. Watu wazima walinipita. Wewe ndiye uliyeketi sakafuni kando yangu, ukanieleza taratibu ni usingizi gani ule. Sijawahi kukushukuru, shangazi. Nakushukuru leo.

Mama anakusalimu sana. Nisalimie wanao Yaser na Zeyana, uwabusu wote. Mungu akupe afya, akurejeshe Tabora tukuone.

Mwanao akupendaye,
Manal