Mapeasi ya Huzuni

Baba Ruilin,

Wali umo kwenye sufuria. Mapeasi uliyonichemshia kama dawa ya mapafu, kula mwenyewe.

Asubuhi nimelia kwa sababu umempa ndugu yako chumba cha marehemu mama yangu bila kuniuliza. Wewe ukanipima mapigo ya moyo mbele yake, ukamwambia, "Usijali, ni vuli tu, huzuni imekaa kwenye mapafu." Majira ya machipuko, nilipokufokea usikiguse chumba hicho hicho, ulisema ni hasira ya machipuko, imekaa kwenye ini, ukanipa chai ya maua. Daktari mzima wa mitishamba, hujawahi kuniuliza nina nini.

~~Narudi Jumapili.~~ Narudi chumba kikiwa wazi.

Baridi ikifika, kwa vitabu vyako, ni zamu ya hofu. Hiyo nakuachia wewe.

Mama Ruilin