Nilikuwa Namkwangulia Nani Ukuta Huu?

Mbinga, Jumatano, Juni. Ukungu umeng'ang'ania mji tangu asubuhi, na mimi nina hasira.

Mama amelazwa hospitali ya Litembo, kesho anaruhusiwa. Wiki iliyopita kaka yangu Kosmas alinipigia simu: "Njoo utengeneze sebule yake, arudi akute pasafi." Nikaomba ruhusa shuleni Liuli, ninakofundisha, nikapanda gari.

Karatasi za maua ukutani alizibandika Mama mwenyewe, enzi kahawa ina bei. Sasa zimevimba kwa unyevu. Kupaka rangi juu yake ni kujidanganya. Nikazilowesha kwa maji ya moto yenye sabuni, nikasubiri zilegee, nikakwangua taratibu nisichimbe plasta. Nikaosha gundi yote, maana ikibaki, rangi mpya hubanduka. Nikaziba nyufa, nikapiga msasa. Mabega yaliwaka moto, lakini nilikuwa naimba.

Leo mchana akaingia mwanamume ameshika tepu ya kupimia.

"Pole na kazi, dada. Mizani itakaa hapa, magunia kule."

"Mizani ya nini?"

"Ya kahawa. Kaka yako hajakwambia? Mimi ni mnunuzi. Amenikodisha nyumba msimu wote."

Nyumba ya Mama. Na Mama yu hai!

Nilimfuata Kosmas shambani. Hakukana.

"Mama atakaa kwangu, chumba cha uani. Peke yake hawezi tena."

"Umemwuliza?"

"Ni mgonjwa. Usimsumbue."

Akaendelea kuchuma kahawa kana kwamba nimeshaondoka.

Labda kweli Mama hawezi kukaa peke yake. Hilo ningelijadili. Kinachonichoma ni kwamba Kosmas alijua nikiambiwa "ni kwa ajili ya Mama" nitakwangua hadi kucha zitoke damu. Akanitumia kumwandalia mpangaji.

Niliporudi nilimweleza yule mnunuzi wazi kwamba mwenye nyumba hajaulizwa. Akakunja tepu yake. "Basi, dada, mimi sitaki kesi na mama wa watu." Akaondoka. Nikanunua kitasa kipya, nikakifunga mwenyewe.

Kesho namfuata Mama. Nitamwambia yote kabla hatujapanda gari. Akiamua kukodisha, sawa, atakuwa ameamua yeye. Akitaka kurudi kwake, ukuta uko tayari, rangi atachagua.

Na Kosmas akija, atapiga hodi.