Kapu la Custódio

Kaka Baltasar,

Barua yako imefika na salamu tumezipokea. Sisi huku Colares wazima. Mama bado anagombana na jirani kwa ajili ya mbuzi, na upepo wa bahari umeangusha tena ua wetu wa matete.

Pole kwa mizabibu yako. Baba alipofariki ulichukua udongo mwekundu wote, mimi ukaniachia mchanga wa pwani. "Utakufaa kusugulia sufuria," ulisema, watu wakacheka. Sasa mdudu amekutafunia mizizi yote, na huku mchangani hawezi kupenya. Mvinyo wangu Lisbon wanaugombania.

Unaomba tugawane upya, tena uko tayari hata kuchimba. Njoo basi. Nataka kupanda mizabibu mipya, na kazi unaijua: mtu anashuka shimoni hadi aufikie udongo ulio chini ya mchanga, kapu kichwani, ili kingo zikiporomoka apate pumzi mpaka mwenzake aliye juu amfukue.

Mume wangu Custódio alikuwa amelivaa siku ile. Mwenzake wa juu ulikuwa wewe, na ulikuwa umeondoka kwenda kilabuni.

Kapu lake nimekutunzia, halijatoboka hata kidogo. Utashuka wewe. Juu nitasimama mimi, na siku hizi, kaka, hata mimi nimejifunza kunywa.

Dada yako,
Ermelinda